Mzabibu Nyuma ya Kioo

Siku Obedi alipomwona Ruthu kwa mara ya kwanza, Ruthu alikuwa amebakiza dakika chache tu apigwe na wasomi.

Ilikuwa Februari, siku ya mwisho ya kutuma maombi ya kazi, na nusu ya wahitimu wa Dodoma walikuwa wamejazana ndani ya steshenari ya Mzee Fakhruddin, Barabara ya Sita. Waliokosa nafasi ndani walisukumana nje mpaka kwenye ndoo za wauza zabibu, kila mmoja amekumbatia bahasha yake ya vyeti kama vile ina joto. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa kumi kamili jioni. Saa nane na nusu kompyuta ikaganda. Kishale cha mausi kikatulia katikati ya kioo kama nzi aliyenasa kwenye uji.

Nyuma ya kaunta alikaa msichana mwembamba mwenye blauzi ya njano iliyopigwa pasi ikanyooka, na sketi ya kitenge chenye maua ya bluu. Nywele alikuwa amesuka twende kilioni, na kwa jinsi watu walivyokuwa wakimtazama, kilioni hakukuwa mbali. Alibonyeza hiki, akabonyeza kile. Jasho lilimtiririka shingoni lakini sauti yake ilikuwa tulivu: naombeni subira, ndugu zangu, naombeni subira.

Obedi alikuwa amekuja kutoa kopi ya kitambulisho, karatasi moja tu. Kijana mrefu, shati la drafti, kofia ameigeuza nyuma mbele, na mdomo ambao tangu shule ya msingi ulimwingiza kwenye matatizo na kumtoa.

"Dada," akasema kutoka mwisho wa foleni, "hiyo mashine imekufa au na yenyewe inaandika maombi?"

"Kama unajua kufufua, pita huku," Ruthu akajibu bila kugeuka. "Kama hujui, foleni inaanzia nje."

Akapita. Ruthu aliinuka kumpisha kiti, na alipoinuka kidole chake kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kioo, kikasita, kikarudi. Hapo ndipo Obedi alipoona karatasi iliyobandikwa pembeni ya kioo, maandishi ya kalamu nyekundu yaliyoanza kufifia: UKIINUKA, ZIMA.

Akauliza hiyo ni amri ya nani. Ruthu akamweleza kwa kifupi kwamba ni ya Mzee. Duka lake la kwanza, la Kondoa, liliungua kwa sababu ya mashine iliyoachwa ikiwaka peke yake, na tangu siku hiyo kitu kisicho na mtu mbele yake hakiruhusiwi kuwaka.

"Basi na mimi nikiinuka hapa mnanizima?"

Foleni ikacheka, na foleni iliyocheka haipigi mtu. Baada ya dakika sita mashine ikaamka. Saa tisa na dakika hamsini na nane maombi ya mtu wa mwisho yakatumwa. Katika furaha ile Obedi akasahau kitambulisho chake juu ya kaunta. Ikabidi arudi kesho yake kukichukua, na keshokutwa arudi tena kuuliza mashine inaendeleaje.

Kwa miezi miwili hakukuwa na kompyuta iliyopimwa afya Dodoma nzima kama ile. Obedi alikuwa na kibanda cha ufundi Nzuguni, akishirikiana na rafiki yake Khamisi. Kwao ni Chemba, shule aliishia kidato cha nne, na mambo ya kuandika programu alijifundisha mwenyewe kwenye simu iliyopasuka kioo. Kutoka Nzuguni hadi mjini si pua na mdomo, lakini kila wiki aligundua ugonjwa mpya. Mara feni inakoroma. Mara vumbi limeingia. Mzee Fakhruddin, Bohora mwenye kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, alimtazama juu ya miwani siku moja akamuuliza kama mashine zote za mji zina mafua au ni hii yake tu.

"Shikamoo Mzee. Hii yako imezoea dawa."

"Marahaba. Mimi naona mgonjwa ni daktari."

Mwezi wa nne, mvua ikinyesha na wateja wakiwa wachache, Ruthu alimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alisema siku nzima anaandika shida za watu. Barua za kuomba kazi, matangazo ya misiba, mtu anamwomba mkewe arudi.

"Natamani siku moja hiki kioo kinionyeshe kitu ambacho hakuna mtu amekiomba," alisema.

Obedi akatania kwamba atamletea picha yake ya pasipoti. Lakini wiki iliyofuata alikuja na flashi mfukoni.

Alicholeta ni skrinseva, ile michoro inayotokea yenyewe kompyuta ikiachwa muda bila kuguswa, na kutoweka mara tu ukitikisa mausi. Nyingi huwa ni mapovu yanayoelea au nyota zinazopita. Hii aliitunga mwenyewe kwa siku sita. Mstari mmoja wa kijani ulichipua chini ya kioo cheusi, ukapanda, ukagawanyika. Tawi likazaa tawi, vikonyo vikajikunja, majani yakafunguka moja moja, kisha vishada vya zabibu vikaanza kujaa rangi polepole kama vile mtu anavipulizia. Ulipokomaa ukanyauka, mwingine ukachipua, na haukufanana na wa kwanza hata kidogo.

"Nani anauchora?"

"Unajichora."

"Obedi."

"Kweli. Mimi nimeufundisha kuota tu. Utaotaje, hata mimi sijui."

Akamfungulia ukurasa wa mipangilio. Kulikuwa na vitu vitano vya kusogeza kulia au kushoto, na kila kimoja alikuwa amekipa jina: Kasi, Matawi, Rangi, Upepo, na Subira, yaani dakika ambazo mashine ingengoja kabla mzabibu haujaanza. Chini kabisa palikuwa na kisanduku cha Mbegu. Ukiandika namba humo, unaota mzabibu uleule kila mara. Ukiacha wazi, unaota unavyotaka. Wakakaa pale, viti viwili mbele ya kioo kimoja, wakisahau kama kuna duka. Ruthu aliusukuma Upepo mpaka mwisho, majani yote yakapeperuka, akasema sasa hiyo ndiyo Julai ya Dodoma. Akaurudisha. Kisha akaivuta Kasi mpaka mwisho wa kushoto.

"Hapo mpaka uone zabibu utakuwa na wajukuu," Obedi akamwonya.

"Wewe kila kitu mbio. Uache uende wenyewe. Mimi nitausubiri."

Mzee Fakhruddin alipita nyuma yao na kikombe cha chai. Akatazama kioo kinachowaka bila mkono wa mtu, akatazama vile viti viwili, akauliza tu kama mti huo unazaa. Obedi akamjibu kwamba asubiri msimu. Mzee akanywa chai yake akaenda zake.

Mapenzi yao yakawa ya mchana na ya simu. Namba ya Ruthu Obedi aliihifadhi kwa jina la Mkurugenzi, akaiwekea mlio wa jogoo, hivi kwamba Khamisi alilalamika kuwa kwenye kibanda chao kunapambazuka mara nne kwa siku. Ruthu naye alimwita "kasuku wangu" akifurahi, na "fundi" akikasirika. Jumapili baada ya ibada walitembea mjini, Ruthu na gauni lake la kijivu lenye kola nyeupe, sweta mabegani kwa ajili ya upepo, Obedi akimchekesha mpaka ashike ubavu na kumwomba anyamaze avuke barabara.

Kasoro ilikuwa moja. Obedi hakuweza kusema jambo la maana bila kulichekesha. Siku moja, mbele ya muuza zabibu, alimwambia Ruthu kwamba wakioana watapanda mzabibu uani, na watoto wao wote watakuwa na meno ya zambarau. Ruthu akasimama.

"Unasema kweli?"

Moyo wa Obedi ulikuwa unagonga kama printa mbovu. Akacheka. Akasema wala, anatania, nani mwenye akili zake ataolewa na mtu wa Chemba. Ruthu akaweka zabibu moja mdomoni, akaitafuna taratibu, akatema mbegu mbali kuliko ilivyohitajika. Njia nzima ya kurudi alimwita fundi.

Julai barua ikafika Busi.

Busi, huko Kondoa, ndiko kwao Ruthu, na barua yenyewe ilikuwa ya posa. Imeandikwa vizuri, imeletwa na wazee wawili wenye makoti, inatoka kwa mwalimu mmoja anayeitwa Ebenezer. Baba mdogo Bartolomayo, aliyemlea Ruthu tangu baba yake alipofariki, hakutaka kumlazimisha. Alimpigia simu akamwambia kwamba barua ya watu haikai bila jibu, aje Jumapili aseme kwa mdomo wake ndiyo au hapana. Na kama iko barua nyingine njiani aseme mapema, maana yeye hawezi kuwarudisha wazee wa watu kwa ajili ya kijana asiyekuwa na jina.

Ruthu alimweleza Obedi Jumanne, nje ya duka, upepo ukisukuma vumbi na mifuko ya watu.

"Ebenezer si mtu mbaya," alisema. "Ningependa angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi. Jumapili naenda. Kama una neno, Obedi, nifikishie kabla ya hapo. Na usiniletee mzaha. Ukicheka tu, nitajua."

Obedi akafungua mdomo. Akasikia kicheko kinapanda kooni peke yake, kama kikohozi. Akaufunga. Akasema amesikia.

Ndiyo maana alilipeleka neno lake mahali ambapo mdomo usingeliharibu. Siku mbili alijifungia kibandani, simu za wateja akapokea Khamisi. Kwenye Mbegu akaandika tarehe waliyokutana, ili mzabibu usije ukajiotea vingine. Subira akaiweka dakika tano. Kasi akaiacha palepale Ruthu alipoivuta. Mzabibu ungeota kwa dakika arobaini, kisha upepo ungeinuka, majani yangeanguka moja moja mpaka liishe la mwisho, na matawi yatakayobaki uchi yangekuwa ni maandishi: RUTHU, NILETE BARUA? Na chini yake, kwa vikonyo vidogo: Kama ndiyo, nipigie. Ukikaa kimya, nitaelewa. Maneno yangebaki hapo mpaka mtu aguse mausi.

Ule mstari wa mwisho aliuandika kwa woga. Hapana ya Ruthu angeweza kuishi nayo, ila si kwa kuisikia kwa sauti yake.

Hesabu yake ilikuwa safi. Saa saba mchana Mzee huenda kuswali na kula, Ruthu huenda kwa mama ntilie wa nyuma, na kiti hukaa kitupu saa nzima. Akirudi, neno litakuwa limeshakomaa linamsubiri.

Alhamisi asubuhi akaja, akachomeka flashi, akafanya kazi yake bila utani hata mmoja.

"Nimeongeza kitu kwenye mzabibu," akasema. "Ukirudi kutoka kula utakiona."

Ruthu akaweka kalamu chini. "Mimi nakusubiri useme. Wewe unaniletea michoro."

"Kione kwanza."

Na akatoka haraka kabla mdomo wake haujaongeza kitu.

Alhamisi hiyo jogoo hakuwika. Obedi akajipa moyo kwamba anafikiria. Ijumaa, saa nane na robo mchana, jogoo akawika, na Obedi akajichoma kidole kwa chuma cha moto cha kulehemu na hakusikia maumivu.

"Ruthu."

"Fundi, za leo?"

"Nzuri. Nzuri sana. Umekula?"

"Nimekula." Nyuma yake akasikika mtu anaomba bahasha ya kaki. "Printa imekwama. Inatafuna karatasi."

Obedi akangoja. Khamisi, ng'ambo ya meza, alikuwa ameacha kupumua.

"Ni hilo tu lililokufanya upige?"

"Ni hilo. Kama kuna lingine, la kusema unalo wewe."

Fundi, amemwita. Amekula, amerudi, amesoma, na badala ya kukaa kimya amepiga kumwambia habari za printa, ili ajue kabisa kwamba kati yao imebaki printa. Ndivyo Obedi alivyoelewa. Na alikuwa ameahidi kuelewa.

"Hakuna lingine," akasema. "Nitamtuma Khamisi."

Upande wa pili yule mtu akaomba bahasha yake mara ya pili.

"Sawa, fundi."

Stendi kuu ya mabasi iko hukohuko Nzuguni. Jumapili asubuhi Obedi alisimama nyuma ya marundo ya magunia ya mkaa akamwona Ruthu akipanda basi la Kondoa, gauni la kijivu, kola nyeupe, begi dogo. Mlangoni aligeuka akatazama huku na huku. Akaingia, akatoka tena, akatazama mara ya pili kama mtu aliyeahidiana na mtu. Obedi akajikunja zaidi nyuma ya magunia. Alidhani anamtafuta kondakta.

Ruthu akasema ndiyo kule Busi. Ndoa ikafungwa Novemba. Obedi aliisikia kwa Khamisi, aliyeisikia kwa Mzee Fakhruddin, na hakuuliza swali. Wakati huo alishahamia Singida, amepata kazi ya kuunganisha kompyuta za shule moja, na walimu wa huko walimfahamu kama fundi mmoja mpole asiyependa maneno mengi. Khamisi alipoambiwa hivyo kwenye simu alicheka, kisha akagundua kwamba hakuna kilichochekesha.

Machi, Mzee Fakhruddin akapiga.

"Mgonjwa wako anakufa," alisema. "Nimenunua mashine mpya, na mafundi wa hapa hawaijui historia yake. Njoo uhamishe vitu vyangu, kijana."

Alifika siku ya Jumatatu. Ndoo za zabibu zilikuwa palepale, foleni fupi, karatasi ileile pembeni ya kioo, maandishi yake mekundu sasa yamebaki rangi ya chai. Na kwenye kiti alikuwa amekaa Ruthu. Obedi alidhani ameshaondoka zamani. Alikuwa na gauni la kitenge la heshima, la mke wa mtu, kilemba cha rangi hiyohiyo, pete kidoleni. Pembeni yake amesimama msichana anayeitwa Frida, anayefundishwa kazi.

Wakasalimiana kama watu waliowahi kukaa mtaa mmoja. Habari za Singida. Nzuri, na za nyumbani? Ruthu akasema hii ni wiki yake ya mwisho, mume wake amepewa nyumba ya shule Kondoa, mwisho wa mwezi anahamia. Obedi akampa hongera. Ikabidi aseme mara mbili, ya kwanza haikutoka vizuri.

Akashuka chini nyuma ya kaunta, akaanza kuitoa kompyuta mpya kwenye boksi lake. Saa saba ikafika. Mzee akaenda kuswali, Frida akaenda kula. Ruthu akainuka naye, akachukua pochi, na bila kutazama akabonyeza kitufe. Kioo kikawa cheusi, mashine yenyewe ikaendelea kuunguruma.

"Unafanya nini?" Obedi akauliza kutoka sakafuni.

"Nazima." Akaonyesha ile karatasi kwa kidevu. "Si uliicheka siku ya kwanza? Umesahau?"

"Hata wakati wa kula?"

"Wakati wa kula ndio hasa. Mzee akirudi akute kioo kinawaka peke yake, hapa hapakaliki."

"Mbona mzabibu ulikuwa unauona?"

"Ukiwepo wewe. Fundi akiwepo Mzee hasemi. Ukiondoka tu, nazima."

Obedi akakaa juu ya boksi. Akamwomba amwonyeshe, akirudi kutoka kula anafanyaje. Ruthu akamshangaa lakini akaonyesha: mkono wa kushoto unabonyeza kitufe, wa kulia unatikisa mausi, yote kwa pamoja, hata kiti hajakivuta. Kioo kizee kile kilichukua muda kuwaka. Kilipowaka, mashine ilishaamka, na barua ya mtu iko pale ilipoachwa.

"Kila siku hivyo?"

"Miaka minne. Obedi, una nini?"

Alikuwa anaiona Alhamisi ile. Anaiona na Ijumaa, na Jumamosi, na mchana wa kila siku ya kazi tangu hapo: mzabibu unachipua nyuma ya kioo cheusi, unafungua majani, unayaangusha, unauliza, unasubiri, mpaka mkono mmoja unakuja kuufuta bila kujua. Yeye, fundi, aliyefungua mashine ile mpaka skrubu ya mwisho, hakuwahi kuiona ikiwa peke yake.

Ruthu akarudi kukaa. Uso wake ulikuwa unabadilika polepole.

"Ulisema umeongeza kitu," akasema. "Nilirudi kutoka kula nikatazama. Palikuwa na barua ya mteja ya madai ya ardhi. Nikajua ni utani wako mwingine."

"Haukuwa utani."

"Kilikuwa nini?"

Angeweza kusema chochote. Angeweza kukifuta kwa vidole viwili na mke wa mtu akaenda kula chakula chake kwa amani. Mdomo ulikuwa tayari kabisa na kichekesho. Obedi akautazama uso ule akaona hana haki ya kukificha kitu kilichoandikwa jina la Ruthu.

"Kinachukua dakika arobaini," akasema. "Naweza kuongeza kasi tukaona kwa dakika mbili."

Ruthu akaigeuza pete yake mara moja kidoleni.

"Usiiguse," akasema. "Nilisema nitausubiri."

Wakawasha kioo, wakaweka mikono mapajani. Dakika tano za Subira zikapita. Chipukizi la kijani likatokea. Viti viwili, kioo kimoja, katikati yao nafasi ambayo zamani haikuwepo. Mteja mmoja akaja kutoa kopi, Ruthu akamwambia arudi baadaye, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu kwa miaka minne. Frida alirudi, akaona hali, akakaa kwenye ngazi ya mlangoni. Mzee Fakhruddin akarudi, akaona kioo kinawaka na hakuna mkono juu ya kitu. Mkono wake ukaenda mbele, ukasimama hewani. Kisha akaenda kwenye rafu za mwisho kupanga madaftari ambayo yalikuwa yamepangwa.

Zabibu zikajaa rangi. Upepo ukainuka. Jani la kwanza lilipoanguka Ruthu alivuta pumzi, akaishikilia. Yalianguka yote, bila haraka, kwa kasi ileile aliyoichagua mwenyewe, na matawi yakabaki.

Akasoma midomo ikicheza. Mstari wa kwanza haukuchukua muda. Wa pili ulimchukua muda mrefu.

"Ukikaa kimya," akarudia. "Obedi. Mimi nilikaa kimya Alhamisi ile."

"Nikaelewa. Nilielewa vibaya."

"Ijumaa ile printa haikuwa imekwama." Alisema akitazama kioo, si Obedi. "Nilisokomeza karatasi tatu kwa mkono wangu mpaka ikazitafuna. Nilitaka uje. Akaja Khamisi."

Obedi akaitazama ile printa pembeni ya kaunta.

Ruthu akafungua pochi akatoa simu. Akatafuta jina, dole gumba likasimama juu yake muda kidogo, likashuka.

Mfukoni mwa shati la Obedi jogoo akawika.

Kule kwenye ngazi Frida akacheka, kisha akageuka akawaona, kicheko kikaishia njiani. Obedi aliitoa simu akaishika kiganjani. Mkurugenzi, kioo kikasema. Hakuwahi kuubadilisha ule mlio, wala lile jina. Hakupokea. Ruthu naye hakukata. Jogoo aliwika ndani ya steshenari ile mchana kweupe, akawika tena, akawika, wao wawili wakimsikiliza kama watu wanaosomewa barua, mpaka akanyamaza mwenyewe.

"Ndiyo hiyo," Ruthu akasema. "Imechelewa tu."

Akajifuta uso kwa ncha ya kilemba, akalivuta sawa gauni lake, akainuka. Kidole kikaenda kwenye kitufe chenyewe, kikasita kama siku ile ya kwanza. Akamtazama fundi.

"Zima tu," Obedi akasema.

Akazima. Akamuaga Mzee kwamba anaenda kula mara moja, akapita katikati ya ndoo za zabibu bila kugeuka, kitenge chake kikaonekana mpaka kwenye kona, kisha hakikuonekana tena.

Obedi alibaki kwenye kiti. Hakuna aliyekuwa amegusa mausi, na yeye hakuigusa, kwa hiyo alijua maneno bado yapo palepale nyuma ya kioo cheusi, yanasubiri.